Je, Kutazama ni Kuzuru?

Lugha yetu hutenganisha mambo mawili ambayo simu ya mkononi yaelekea kuyachanganya. Kutazama ni kazi ya jicho. Kuzuru ni kumwendea mwenye mahali. Ndiyo maana twasema kuzuru kaburi, wala hatusemi kuzuru picha. Basi mtu aliyeketi Mombasa au London, akifungua intaneti na kukipanda kwa kidole kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, tuseme amezuru?

Nabugoye ni makao ya Abayudaya, raia wa Uganda washikao dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoifuata mwaka 1919. Sinagogi lao jipya lilifunguliwa mwaka 2016, na wageni hulifikia kutoka nchi za mbali, simu mkononi. Lakini siku ya Sabato, tangu jua la Ijumaa lichwapo mpaka usiku wa Jumamosi uingiapo, sheria yakataza kuwasha moto, na wengi waishikao sheria hiyo huihesabu kamera katika makatazo. Hivyo saa ambayo mgeni angetamani mno kupiga picha, yaani waumini wanapoimba, ndiyo saa atakiwayo kuiacha simu mfukoni. Sisi twaona kwamba katazo hilo ndilo limfanyalo awe mgeni hasa, kwa kuwa ameikubali amri ya mwenye nyumba. Atazamaye kwa mbali hakupiga hodi, wala hapana wa kumwambia "karibu" au "ngoja kwanza".

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuilaumu simu, lakini Jinja yatukatalia. Maporomoko ya Bujagali katika Mto Naili, kilomita chache kaskazini ya mji huo, yalikuwa maskani ya mzimu wa Budhagali katika imani ya Wasoga. Likajengwa bwawa la umeme la megawati 250; mwaka 2011 maji yakapanda, na maporomoko yakazama. Yalifanywa matambiko ya kuuhamisha mzimu, na ubishi ukazuka: nani mwenye haki ya kuyaongoza, na je, mzimu huhamishwa kama mizigo? Hilo si letu kuliamua. Ila kijana wa Kisoga aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kuyaona maporomoko yale isipokuwa katika picha na filamu. Kumwambia kwamba kutazama si kuzuru ni kusema kweli, nayo ni kweli chungu, maana pa kuzuru hapapo tena. (Na tazama ajabu hii: picha nyingi zilipigwa na watalii waliokuja kushindana na mawimbi katika mashua za mpira. Hawakudhani kwamba walikuwa wakihifadhi sura ya mahali pa ibada.)

Kwa hiyo mwalimu azionyeshapo picha hizo darasani asiziache peke yake. Aalikwe mzee aliyeikanyaga miamba ile kabla ya maji, aulizwe watu walifika pale kwa adabu gani, walileta nini, waliomba nini. Na akiwapo swali asilotaka kulijibu, wanafunzi waweke kalamu chini.