Njoo na Kikapu Chako

Somo: Yohana 6:1-13, Luka 16:10

Leo naanza kwa kutubu, kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Miezi kadhaa iliyopita nilisimama kwa madhabahu hii nikahubiri juu ya uaminifu katika mambo madogo. Ameni zilikuwa nyingi. Jioni hiyo, nikienda nyumbani, nikapitia kibanda cha dada mmoja wa kanisa letu ninunue nyanya, vitunguu na sukuma. Mkononi nilikuwa na Biblia tu. Dada akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaingiza mkono chini ya gunia, akatoa juala. Lile jembamba la kuonyesha. Akaniambia, "Pasta, tembea nayo vizuri, kanjo wako hapo mbele."

Nikachukua. Nikaenda. Mimi, mhubiri wa uaminifu, natembea nikificha nyanya kama mtu ameiba!

Kesho yake nilirudi kumuuliza: "Dada, si unajua haya yamekatazwa?" Akanijibu kwa upole, "Najua, Pasta. Na nayanunua na pesa yangu. Lakini mteja akikuja mikono mitupu, nikimwambia sina juala, anavuka barabara kwa mwingine. Hata watu wa kanisa. Hata wewe jana, ungebebea wapi?"

Sikuwa na jibu. Amenipa ruhusa nisimulie, mradi nisitaje jina lake.

Wapendwa, tukumbushane. Majuala ya kubebea vitu yalipigwa marufuku hapa Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Wengi wetu tunadhani ni yale yenye mikono tu. Hapana. Hata yale bapa, yasiyo na mikono, tunayofungiwa dhania na nyanya, yamo. Karatasi ya mkate imeruhusiwa kwa sababu mkate unafungwa kiwandani. Hili la chini ya gunia halijaruhusiwa. Linaingia kwa magendo. Adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Dada yetu anauza sukuma ya shilingi 20. Ili alipe hiyo milioni 2, inabidi auze mafungu 100,000. Sisi tunabeba nyanya. Yeye anabeba hatari.

Sasa tuingie kwa Neno. Pale Yohana 6, Yesu analisha wanaume kama 5,000 kwa mikate 5 ya shayiri na samaki 2. Wameshiba. Halafu anawaagiza wanafunzi waokote vipande vilivyobaki, kisipotee chochote. Wakajaza vikapu 12. Naona mambo matatu hapa.

1. Mwenye uwezo wa kuumba mkate hakutupa makombo

Yesu angeweza kusema, "Acheni tu, kesho nitafanya mengine." Hakusema hivyo. Yohana anatuambia mahali pale palikuwa na nyasi nyingi, na naamini watu walipoondoka ziliendelea kuwa nyasi. Sisi tukiondoka mahali, tunaacha nini? Juala haliozi kama ganda la ndizi. Linakatika vipande vidogo vidogo na kubaki kwa udongo. Mbuzi na ng'ombe wanalila, na wachinjaji wameyatoa matumboni mwao. Mafuriko ya mwaka 2024 tuliyaona Nairobi, hasa Mathare. Yalikuwa na sababu nyingi, siwezi kulaumu plastiki pekee. Lakini mtaro ulioziba haupitishi maji, na anayelala kando ya mtaro mara nyingi ni yule maskini tunayemwombea Jumatano.

2. Anayeitisha ndiye anayeleta

Nilisomea biashara, na somo la kwanza kabisa ni hili: bidhaa inafuata mnunuzi. Siku mnunuzi ataacha kuitisha juala, yule wa magendo atatafuta kazi nyingine. Tumezoea kusema, "Serikali ikamate." Askari anamkamata mama mboga, lakini mimi na wewe ndio tumemwagizia. Kumpenda jirani ni pamoja na kutomweka dada yako mahali pa kuchagua kati ya sheria na unga wa watoto.

3. Muujiza ulikuwa wa Bwana. Vikapu vilikuwa vya watu

Yohana haelezi vile vikapu vilitoka wapi. Lakini hakuna mahali nimesoma kwamba Yesu aliviumba. Mkate aliuzidisha, vikapu vilikuwepo. Mtu alitoka nyumbani na kikapu. Utii mwingi hauharibikii madhabahuni, unaharibikia mlangoni, tunapotoka bila kujiandaa.

Wengine mtaniambia, "Pasta, mimi hununua mfuko supermaketi." Sawa, lakini uko wapi? Kwangu nilihesabu nyuma ya mlango wa jikoni nikapata 23. Ukinunua mfuko wa shilingi 10 mara mbili kwa wiki, kwa mwaka ni shilingi 1,040. Ukinunua mmoja mgumu wa shilingi 50 ukautumia mara 100, kila safari ni senti 50. Mfuko unaosaidia ni ule unaorudi sokoni.

Na wanaume, nawaona mkicheka. Kiondo hakikupunguzii uanaume. Sasa hivi mimi natembea nacho, na watoto wa ploti wamenizoea.

Hatua za wiki hii

Weka mfuko au kiondo mahali unapoweka funguo, na mwingine uliokunjwa ndani ya begi la kazi. Ukienda kununua nyama, omena au maharagwe yaliyochemshwa, beba mkebe wenye kifuniko. Ukiwa umesahau, usimlazimishe muuzaji. Nunua kinachotoshea mikononi, au rudi nyumbani.

Ninyi mnaouza, mwambieni mteja mapema kwamba kesho aje na mfuko. Na sisi wengine, tununue kwao. Dada yetu asije akapoteza wateja kwa sababu ametii, na kanisa zima linapita mbele ya kibanda chake.

Jumapili ya shukrani inakuja. Msilete sadaka ya mchele na maharagwe ndani ya juala. Tusimpe Mungu shukrani tuliyoifunga kwa magendo.

Ombi

Baba, tusamehe kwa kudharau mambo madogo. Nisamehe mimi kwanza. Wabariki wanaouza kando ya barabara, wasipungukiwe kwa sababu ya kutii. Tufundishe kutoka nyumbani tukiwa tayari, kila mtu na kikapu chake. Katika jina la Yesu, ameni.