Kumtia Moyo Mwenzetu: Tuseme "Kaza" au "Simama"?



Kila mwaka barafu inapoyeyuka hapa Minnesota, baadhi yetu tunarudi kwenye mazoezi ya mbio. Jumamosi saa 12 asubuhi tunakutana kando ya ziwa, tunazunguka huku tukipiga soga, na wengi tunarudi nyumbani kabla watoto hawajaamka. Hakuna kati yetu anayetafuta zawadi. Tuko madereva, wahudumu wa nyumba za wazee, wafanyakazi wa maghala, wauguzi, akina mama wenye watoto wadogo, na mzee mmoja mstaafu anayetupita sote kwenye vilima. Wachache wanajiandaa kwa marathoni ya Twin Cities, inayokimbiwa mwezi wa Oktoba kutoka Minneapolis hadi St. Paul. Wengine tunataka tu sukari na presha zishuke.

Tumesaidiana sana katika jambo hili. Lakini ndani ya kusaidiana kwetu kuna swali linalotusumbua, na tunaona haliwahusu wakimbiaji peke yao. Mwenzetu anapoumia, kumtia moyo ni kumwambia nini?

Sisi tumezoea neno moja: kaza. Kaza kaka, kaza dada, usikate tamaa, umebakiza kidogo. Ni neno zuri, na lina nguvu ya kweli. Tarehe 12 Oktoba 2019, pale Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakukimbia peke yake. Wakimbiaji 41 walipokezana kumzunguka, wengi wao wakiwa mbele yake ili wamkingie upepo. Kwa sababu ya misaada ya namna hiyo, muda ule haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, lakini ulituonyesha jambo. Kama mtu wa kiwango chake alihitaji wenzake, sembuse sisi tunaotoka zamu ya usiku? Mara nyingi kinachotutoa kitandani Jumamosi si nidhamu. Ni kujua kwamba kuna mtu amesimama gizani pale maegeshoni, anatungoja.

Basi hatulidharau neno "kaza". Tunachosema ni kwamba sauti ile ile inayomwinua mtu aliyechoka inaweza kumvunja mtu aliyeumia, na kwa nje watu hawa wawili wanafanana. Wote wanakunja uso. Wote wanapunguza mwendo. Wote ukiwauliza watasema, "Niko sawa."

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunafundishwa kutofautisha maumivu. Uchovu wa misuli huwa umeenea, mara nyingi uko miguu yote miwili, huja kesho yake na huondoka baada ya siku chache. Maumivu ya mfupa ni mengine. Mara nyingi yako mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, kwa mfano kwenye muundi. Yanazidi kadiri unavyokimbia. Baadaye yanakufuata hata unapotembea, na mwisho yanakuamsha usiku. Hapo huenda mfupa umeanza kupata ufa mdogo kwa kupigwapigwa chini maelfu ya mara bila kupewa nafasi ya kujijenga. Picha ya eksirei ikipigwa mapema inaweza isiuonyeshe ufa huo, na mtu akarudi nyumbani akidhani amepona. Wazee waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa wakizungumzia miguu, lakini ndivyo ilivyo hasa. Ufa wa muundi kwa kawaida hupona kwa mapumziko ya wiki 6 hadi 8. Ufa wa shingo ya mfupa wa paja, pale karibu na nyonga, ukiendelea kukanyagiwa unaweza kukatika kabisa, na mtu akaishia kwenye meza ya upasuaji.

Sasa tufikirie mguu wa mtu wetu. Mguu huu si wa kukimbilia tu. Ndio unaosimama saa 12 kwenye zamu, ndio unaopanda na kushuka ngazi za ghala, ndio unaomgeuza mgonjwa kitandani. Ukishindwa, mshahara umesimama. Na mshahara ukisimama hapa, kuna mtoto Mwanza amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na kuna mama Kisii au Bukavu amekosa dawa zake. Tena wengi wetu tuna bima ambayo haianzi kulipa mpaka wewe mwenyewe umelipa kwanza maelfu ya dola. Basi mtu anapiga hesabu, anaona hospitali ni ghali, ananyamaza. Anameza ibuprofeni mbili kabla ya mbio ndefu na kuja kucheka nasi. Dawa ile inaficha maumivu bila kuziba ufa. Na ukiimeza kabla ya kukimbia saa nyingi juani, huku maji yamekupungukia mwilini, unazitwisha figo mzigo wasiouhitaji. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tujiulize pia anaficha mbele ya nani. Anaficha mbele yetu sisi tunaopiga kelele za "kaza".

Hapa wapo watakaosema: huyu ni mtu mzima. Mwili ni wake, maumivu ni yake, sisi ni nani hata tumwambie simama? Hoja hii ina uzito, na hatutaki kuiruka.

Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia jambo ambalo kwa juu juu linaonekana kupingana. Katika sura ya 6 anawataka watu wabebeane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu atabeba wa kwake. Biblia yetu ya Kiswahili imetusaidia kwa kutumia maneno mawili, mzigo na furushi. Furushi ni kile kinachomtosha mtu mmoja, kitu anachokifunga mwenyewe na kukiweka begani. Mzigo ni ule unaomlemea hadi ahitaji mkono wa mwingine. Swali letu basi ni hili: mwenzetu akiumia, lipi ni furushi na upi ni mzigo?

Tunaona kwamba uamuzi ni furushi lake. Hakuna mtu anayeweza kuhisi maumivu ya mwingine. Hospitalini tunamwuliza mgonjwa ayapime maumivu yake kuanzia 0 hadi 10, na namba anayoitaja ndiyo tunayoiandika, hata kama sisi tungeandika nyingine. Hatuna haki ya kumvua mtu viatu kwa nguvu, wala kumtangaza mbele ya kundi kwamba hafai kukimbia. Yeye ndiye ataamua.

Lakini uamuzi unahitaji ukweli, na mtu aliye ndani ya mbio si hakimu mzuri wa mambo yake mwenyewe. Amejiandaa miezi minne. Amewaambia watoto wake watamwona akimaliza. Yuko maili ya 18, kichwa kimechoka kuliko miguu. Mganga hajigangi, na sisi wauguzi tunawajua wenzetu wanaoandikia ulimwengu mzima mapumziko isipokuwa wao. Kwa hiyo kumwambia ukweli ni deni letu kwake, na kulilipa si kumwingilia. Tukinyamaza kwa sababu hatutaki kumvunja moyo, tunakuwa kama yule mchelea mwana kulia. Mwisho wa methali hiyo mnaujua.

Na gharama ya kusimama? Hiyo ndiyo tunayoiita mzigo, na huo ni wetu pamoja naye. Kumwambia mtu "pumzika" ni rahisi sana kwa anayesema. Anayeambiwa ndiye anayepoteza ada ya mbio, ndiye anayepaswa kwenda kliniki, ndiye atakayekaa nyumbani Jumamosi akitazama picha zetu kwenye simu. Tukimwambia simama kisha tukakimbia na kumwacha, tumemwongezea.

Wapo watakaotukumbusha John Stephen Akhwari, na ni haki watukumbushe. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Mtanzania huyu alianguka na kuumia goti. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa mwisho kati yao, akichechemea mguu ukiwa na bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watoto wetu waliozaliwa hapa wanapaswa kuijua habari hii. Je, hakukaza?

Alikaza, nasi tunamheshimu. Lakini tuangalie ujasiri wake ulikuwa wa namna gani. Alikuwa amebeba jina la nchi changa, mbele ya dunia, siku ambayo haikuwa na marudio. Alijua goti limeumia, hakujificha wala kufichwa. Aliamua mwenyewe. Na hakuacha ile iwe siku yake ya mwisho: mwaka 1970, pale Edinburgh, alimaliza wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mtu hafiki huko kwa mguu ambao haukupewa nafasi ya kupona. Tunamkumbuka kwa siku moja ya kuchechemea, na tunasahau siku zote za uponyaji zilizofuata.

Kwa hiyo ujasiri tunaupima kwa kuuliza kinachotafutwa ni nini, bei yake ni ipi, na nani atailipa. Mazoezi ya Jumamosi si Olimpiki. Ziwa litakuwepo wiki ijayo. Na kama bei italipwa na watoto watatu na mama aliye mbali, basi uamuzi bado ni furushi lako, lakini ujue kuna watu wengine waliofungwa ndani ya furushi hilo.

Kuna kisa kingine cha karibu yetu zaidi. Tarehe 1 Oktoba 2023, asubuhi ya marathoni ya Twin Cities, waandalizi waliifuta kwa sababu ya joto kali lililotabiriwa. Watu walikuwa wamejiandaa kwa miezi, wengine wamesafiri kutoka mbali. Huzuni ilikuwa kubwa. Lakini siku ile hakuna mtu aliyebeba aibu ya kusimama peke yake. Ni vigumu sana kuwa mtu pekee aliyesimama, na ni rahisi zaidi kama sote tulikubaliana mapema kwamba kusimama ni sehemu ya mbio.

Hilo tunaweza kulifanya sisi wenyewe, na tunapendekeza tulifanye kabla maumivu hayajaja, wakati vichwa vimetulia. Tukubaliane kwamba kabla ya kuanza kila mmoja ataulizwa mwili unasemaje, na "si vizuri" litakuwa jibu kama majibu mengine. Tukubaliane kwamba maumivu ya mahali pamoja yanayozidi kwa kukimbia yanamaliza mazoezi ya siku hiyo, awe nani. Tukubaliane kwamba anayesimama harudi peke yake garini. Na kama mtu ameambiwa ukweli wote, akausikia, na bado akachagua kutembea maili mbili za mwisho, basi tutatembea naye. Hatutamshangilia wala kumsuta. Tutakuwa karibu akibadili nia.

Kisha kuna wiki zinazofuata, ambazo kwa kweli ndizo ngumu. Mwenye mguu mbovu hupotea polepole. Jumamosi ya kwanza tunamwulizia, ya pili tunamtumia salamu, ya tano hatukumbuki kwamba hayupo. Yeye naye anatoka kwenye kundi la simu kimya kimya. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya mkimbiaji ni kukaa. Anaweza kuja na baiskeli akatubebea maji, kama daktari amemruhusu. Anaweza kushika saa. Anaweza kutungoja na chai, tukaketi naye na kuzungumza mambo yasiyo ya maili. Mtu mmoja anaweza kumpeleka kliniki, na tunazo hapa kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato. Mwingine anaweza kumchukulia watoto shule.

Na pesa tusiziogope. Jamii yetu inajua kuchanga. Akifiwa mmoja wetu, kabla jua halijazama jina la mweka hazina limeshatumwa na michango imeanza kuingia. Tunafanya vizuri. Lakini kwa nini tungoje msiba? Bili ya kwanza ya kipimo cha mguu ni ndogo kuliko gharama ya kusafirisha mwili, na anayechangiwa yuko hai kutushukuru.

Haya hatuyasemi kwa wakimbiaji tu. Katika kanisa letu kuna anayefanya kazi mbili na kusoma usiku, nasi tunamwambia kaza. Kuna anayemwuguza mzazi nyumbani bila msaada, tunamwambia Mungu atamtia nguvu. Kuna ndoa ambayo kila mtu anaona inachechemea, na tunasifu uvumilivu. Huenda baadhi yao wamechoka tu, na neno letu litawafaa. Huenda wengine wana ufa. Hatuwezi kujua kama hatuulizi, na hawatatuambia kama jibu tunalo tayari mdomoni kabla hawajamaliza kusema.

Kama wewe unayesoma haya una maumivu mahali pamoja, ya mguu au ya maisha, na umekuwa ukisema uko sawa, tunakuomba umwambie mmoja wetu leo baada ya ibada, kabla ya chai. Hatutakuamulia. Tutakaa nawe, tutahesabu gharama pamoja, kisha tutaona nani anabeba nini.