Mwenye Nguvu na Ampishe Mnyonge

Ipo amana moja ambayo watu wasiojuana hupeana kila siku bila kusemezana. Apandaye baiskeli barabarani humkabidhi uhai wake kila dereva ajaye nyuma yake. Hamwoni uso, hajui jina lake, wala hana njia ya kumwomba chochote. Aweza tu kutumaini kwamba yule aliyeshika usukani ni mtu mwenye utu.

Twapenda leo kuwawekea wasomaji wetu swali juu ya amana hiyo. Mbona dereva yule yule huwa mtu mmoja awapo mjini, na mtu mwingine afikapo shamba? Na katika hao wawili, ni yupi tumwite dereva mwema? Swali hili si la madereva peke yao. Lagusa kila jamaa iliyo na baba aendaye kazini kwa baiskeli, na kila jamaa iliyo na kijana aliyeajiriwa kuendesha gari. Na nyumba nyingi zina wote wawili.

Tuanze na mji. Katika Dar es Salaam baiskeli ni chombo cha mtu wa kazi. Ndiyo ibebayo samaki kutoka soko la Feri, na mikate ya asubuhi, na nazi, na magunia ya mkaa yatokayo mkoa wa Pwani. Dereva wa mjini aghalabu hawezi kwenda mbio, kwa kuwa wingi wa magari humzuia. Basi ubaya wake hutokea katika dharau kuliko katika mwendo. Humpigia mwendesha baiskeli honi kama mtu amchapaye punda. Humbana ukingoni mpaka gurudumu liguse mtaro. Daladala humpita, na papo hapo humkatia mbele ili kuwahi abiria kituoni. Mlango wa gari lililosimama hufunguliwa mbele yake, wala afunguaye hatazami nyuma. Kando ya njia ya mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro, iliyoanza kazi mwaka 2016, zilijengwa njia za baiskeli na za waendao kwa miguu. Lakini hata humo pikipiki hupenya kana kwamba zilijengewa zenyewe.

Ukiuliza sababu ya dharau hiyo, mara nyingi utajibiwa hivi: "Mwenye baiskeli halipi kodi ya barabara." Neno hili lafaa lipimwe. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania iliwaondolea wenye magari ada ya leseni ya kila mwaka, na ili kuziba pengo hilo ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, ya dizeli, na ya mafuta ya taa. Maana yake ni kwamba bibi kizee aliyewasha koroboi yake kijijini alisaidia kulipa ada aliyosamehewa mwenye gari. Na hata kama asingelipa senti moja, je, uhai wa mtu hutolewa risiti? Barabara ni mali ya watu wote, na haki ya kufika nyumbani salama hainunuliwi kwa ukubwa wa chombo.

Sasa tutoke mjini. Wengi hudhani kwamba huko shamba pana utu zaidi, na dhana hiyo ni kweli nusu yake. Dereva wa kijijini ampunguzia mwendo mzee aliye juu ya baiskeli, amwamkia, pengine hata asimama kumwuliza habari za mgonjwa. Huyo mzee ni baba wa rafiki yake, au ni mwalimu aliyemfundisha kusoma. Katika mikoa ya Shinyanga, Tabora na Mwanza, ambako baiskeli imekuwa kwa miaka mingi gari la jamaa nzima, mtu huweza kubeba mkewe na mtoto, au gunia la mpunga, au mgonjwa aendaye zahanati; na dereva aliyezaliwa huko ajua vema kwamba hata yeye alifikishwa zahanati vivyo hivyo.

Lakini ipo nusu nyingine ya habari. Barabara kuu zapita katikati ya vijiji hivyo hivyo, na wapitao humo wengi si wenyeji. Tutazame ile itokayo Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Iringa na Mbeya hata Tunduma, ambayo yachukua mizigo ya Zambia na ya Kongo. Hapo honi hailii kwa hasira kama mjini. Yalia kutoka mbali, mara moja, ndefu, na maana yake yajulikana na kila mtu: ondoka kwenye lami. Naye mwendesha baiskeli huondoka. Hushuka kwenye changarawe, pengine lami imekatika ghafula na ukingo wake ni mrefu kama ngazi, na mzigo wake humwelemea upande mmoja. Akikawia kidogo, upepo wa lori peke yake watosha kumwangusha.

Hesabu ya jambo hili si ngumu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 hivi katika sekunde moja; liendalo kilomita 100 hupita mita 28. Dereva ashtukapo, sekunde hiyo moja hupotea kabla mguu haujakanyaga breki. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Lori lenye trela huruhusiwa kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Mtu na baiskeli yake isiyo na shehena hawafiki kilo 100. Ndiyo sababu mjini mikwaruzo na maanguko ni mengi, lakini huko nje ajali moja mara nyingi humaanisha jeneza. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani ulimwenguni katika mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga.

Basi mji una dosari yake na shamba lina dosari yake: huku dharau, huko mwendo. Lakini tukichimba zaidi twaona mzizi wake ni mmoja. Dereva wa mjini hamwoni mtu kwa sababu watu ni wengi mno. Dereva wa safari ndefu hamwoni mtu kwa sababu ampita upesi mno. Kwa wote wawili mwendesha baiskeli amekwisha kuwa kizuizi tu, kitu kilicho njiani. Na yule mwema wa kijijini, je? Tumsifu, lakini tusimsifu kupita kiasi. Mfuateni siku aendapo mjini, mahali asipojulikana na mtu, mkaone kama wema wake umesafiri naye. Mara nyingi huuacha nyumbani pamoja na ndugu zake.

Hapa ndipo lilipo swali letu la maadili. Wema wa kumstahi mtu kwa kuwa twajua jina lake, au kwa kuwa twaogopa habari zetu zitafika nyumbani, ni mwanzo wa wema, wala haujawa wema kamili. Haki ni deni tunalomlipa hata tusiyemjua, hata mahali pasipo shahidi. Mtu aweza kuwa mpole mbele ya kanisa na mbele ya jamaa zake; lakini tabia yake halisi hupimwa katika barabara tupu, saa ya jioni, wakati mbele yake yupo mtu mmoja tu asiye na jina, aliyempa kisogo.

Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano hawakuliona jambo hili kuwa dogo. Katika hati iitwayo Gaudium et Spes ya mwaka 1965, wanapowaonya watu wanaozidharau kanuni za maisha ya jamii, walitaja sheria za mwendo wa magari miongoni mwa kanuni hizo. Na mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililohusika na wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wenye amri kumi za madereva, na mojawapo yawataka wamlinde yule aliye dhaifu zaidi barabarani. Hivyo anayevunja sheria ya mwendo asijifariji kwamba hilo ni shauri lake na askari wa trafiki tu.

Twajua tutakavyojibiwa. Madereva watasema kwamba waendesha baiskeli nao wana makosa: hutembea usiku bila taa, hupita upande wa kulia, hukata barabara bila kutazama, hubeba mizigo isiyowawezesha kugeuka, na wengine hutoka kilabuni. Hayo yote ni kweli, wala hatuyafichi. Apandaye baiskeli bila taa amtendea vibaya dereva pia, kwa kuwa aweza kumfanya mtu asiye na nia mbaya awe muuaji. Walakini makosa ya mnyonge hayafuti wajibu wa mwenye nguvu. Akosaye juu ya baiskeli huhatarisha hasa maisha yake mwenyewe. Akosaye ndani ya gari huhatarisha maisha ya mwingine. Mizani hizo si sawa, na haki haiwezi kujifanya haioni.

Nchi nyingine zimeandika jambo hilo katika kanuni zao. Katika Uingereza kanuni za barabara zilizotengenezwa upya mwaka 2022 zaweka wazi kwamba awezaye kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi. Ufaransa yamtaka dereva ampitaye mwenye baiskeli amwachie nafasi ya mita 1 mjini, na mita 1.5 nje ya mji. Ujerumani, tangu mwaka 2020, yataka mita 1.5 mjini na mita 2 nje. Wasomaji watazame vizuri hesabu hizo. Nje ya mji, ambako barabara ni tupu na dereva hujiona huru, ndiko adaiwako nafasi kubwa zaidi. Kadiri uhuru unavyozidi, ndivyo na deni linavyozidi.

Wako pia wasiogusa usukani lakini wana sehemu yao katika hatia. Yuko mwenye basi ampangiaye dereva saa zisizowezekana. Yuko mwenye lori alipaye kwa wingi wa safari. Na wako abiria, ambao wengi wetu tu katika hesabu yao. Mara ngapi ndani ya basi watu wameguna dereva alipopunguza mwendo kijijini, wakasema amelala? Abiria anyamazaye dereva ambanapo mwenye baiskeli, kisha akaguna amngojapo, amekwisha kumfundisha dereva yule ni uhai wa nani wenye thamani.

Basi yatupasa kufanya nini? Sheria ya Tanzania ya mwaka 1973 imekwisha weka mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, na 80 kwa malori na mabasi makubwa. Dereva aiheshimu hata pasipo askari. Asipopata nafasi ya kumpita mwenye baiskeli kwa mbali, angoje nyuma yake. Dakika moja haijapata kumfilisi mtu. Honi iwe onyo, isiwe mjeledi. Usiku apunguze taa zake, kwa kuwa amulikwaye machoni haoni mtaro ulipo. Mwenye baiskeli naye ashike kushoto, afunge taa nyuma, apunguze mzigo. Na wale wajengao barabara wakumbuke, wapimapo upana wa lami, kwamba ng'ambo ya pili ya kijiji iko shule.

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Walitoa shauri kwa mnyonge, ili asalimike, hawakumpa mwenye nguvu ruhusa ya kukanyaga. Kwa mwenye nguvu waliacha neno lingine: "Usisahau ubaharia kwa unahodha." Madereva wengi wa nchi hii walijifunza kwanza njia za dunia juu ya baiskeli ya baba au ya mjomba, wakiisukuma mlimani, wakitokwa na jasho. Leo wameketi juu, na injini yawachukulia mzigo. Twawasihi wamtambue yule aliye mbele yao, mjini na shamba, ajulikanaye na asiyejulikana, wakapunguze mwendo na kumpa njia.