Mwanafunzi ni Shahidi, Asifanywe Hakimu

Ni nani anayefaa kuipima elimu: anayeitoa, anayeipokea, au mtu wa tatu aliyesimama kando? Plato aliligusa swali hili katika Gorgias, pale Sokrates anapobuni kesi ya tabibu aliyeshtakiwa na mpishi mbele ya baraza la watoto. Mpishi anadai kwamba tabibu amewakata watoto, amewachoma, amewanywesha dawa chungu na kuwashindisha njaa, ilhali yeye amewalisha kila kitamu. Tabibu hana utetezi utakaowaingia mahakimu wale, kwa sababu faida ya kazi yake haionekani siku ile anapoumiza. Wanafunzi wa chuo si watoto, na kuwafananisha nao ni kuwaonea. Lakini ugumu alioufichua Sokrates ungalipo: elimu humbadilisha yule yule anayeombwa kuihukumu, na huombwa ahukumu kabla haijamaliza kumbadilisha.

Vyuo vya leo vimelijibu swali hilo kwa hojaji. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Indiana kimeendesha tangu mwaka 2000 uchunguzi wa kitaifa wa ushiriki wa wanafunzi, ulioanzishwa chini ya George Kuh. Uingereza ilianza wa kwake mwaka 2005 kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na baadaye matokeo yake yakaingizwa katika mfumo wa serikali wa kuvipa vyuo daraja la dhahabu, fedha au shaba kwa ufundishaji. Afrika Mashariki nako fomu ya tathmini ya mhadhiri ni jambo la kawaida mwishoni mwa muhula: mwanafunzi huwekewa sentensi kama "mhadhiri anaeleweka", naye huchagua kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Majibu hugeuzwa alama, alama hutafutiwa wastani, na wastani huo huweza kuamua nani apandishwe cheo.

Wastani huo unapima nini hasa? Ushahidi mzuri umetoka katika Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, Colorado. Huko kadeti hawajichagulii wahadhiri. Hugawiwa madarasa kama kwa kura, hufuata mtalaa mmoja na kufanya mtihani mmoja. Wanauchumi Scott Carrell na James West walichambua matokeo ya kadeti zaidi ya 10,000, na mwaka 2010 wakachapisha walichokiona katika somo la kalkulasi. Wahadhiri waliosifiwa kwenye tathmini ndio ambao kadeti wao walifanya vizuri katika mtihani wa somo lile. Hadi hapo mfumo unaonekana mzima. Ila kadeti hao walipoingia masomo ya juu yanayotegemea kalkulasi, waliachwa nyuma na wenzao waliofundishwa na wahadhiri wenye uzoefu zaidi, ambao tathmini haikuwapendelea. Hojaji na mtihani vilikubaliana, na vyote viwili vilikosea, kwa kuwa vyote viwili viliuliza mapema mno.

Kosa hili halitokani na uzembe wa wanafunzi. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha jaribio walilolifanya katika madarasa ya fizikia ya mwanzo. Kundi moja lilisikiliza mhadhara laini wa mhadhiri hodari. Jingine lilipewa mada ile ile, likajadiliana na kutafuta majibu lenyewe. Kisha makundi yakabadilishana. Waliohangaika na maswali walipata alama za juu zaidi, lakini waliamini kwamba wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza. Sababu yake inaeleweka. Anayesikiliza maelezo yanayotiririka huhisi ameelewa kwa kuwa hajafika mahali pa kukwama. Anayekwama huhisi hajui, ilhali kule kukwama ndiko kunakomjenga. Ili mtu ajue ukubwa wa ujinga wake wa jana, sharti awe amekwisha kujua. Kipimo cha maarifa kimo ndani ya maarifa yenyewe, na mwenye kuyatafuta hukifikia mwisho.

Yupo atakayesema basi tuyaache maoni, tutumie mitihani ya jumla isiyofungamana na somo lolote. Hilo nalo limejaribiwa. Katika kitabu chao Academically Adrift cha mwaka 2011, Richard Arum na Josipa Roksa walitumia mtihani wa kufikiri na kuandika kwa wanafunzi zaidi ya 2,300 wa vyuo 24 vya Marekani, wakaeleza kwamba asilimia 45 hawakuonyesha maendeleo ya maana katika miaka miwili ya kwanza. Onyo hilo halifai kupuuzwa, kwani walionyesha pia jinsi wengi walivyosoma na kuandika kidogo. Lakini mtihani usiomletea mwanafunzi faida wala hasara hupima pia hamu yake ya kuufanya. Utafiti mwingine, wa mwaka 2012, ulibadilisha tu maelezo ambayo wanafunzi walipewa kuhusu watakaoziona alama zao, na matokeo yakabadilika. Mtihani una kazi yake, ila nao hukamata kilichopo siku ile, si kinachoendelea kukua.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la haki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mwanafunzi ndiye aliyekaa darasani, ndiye aliyelipa ada, na kumnyima sauti ni kuurudisha ubabe wa mhadhiri asiyeulizwa. Pingamizi hili ni la kweli, na ndilo linaloonyesha njia. Methali inampa aliyelala elimu ya kunguni. Haimpi elimu ya useremala. Mwanafunzi anajua kwa yakini kama mhadhiri alikuja au alikosa vipindi, kama kazi zake zilirudishwa zikiwa na maelezo au zikiwa na alama tupu, na kama maabara ilikuwa na vifaa. Hapo yeye ni shahidi wa kwanza, na hakuna mkaguzi anayeweza kushika nafasi yake. Uchunguzi wa Indiana una nguvu pale unapouliza mambo ya namna hii: umeandika kazi ngapi, unajisomea saa ngapi kwa wiki, umezungumza na mhadhiri mara ngapi. Zaidi ya hayo, yako mambo mazito ambayo alama ya 1 hadi 5 haiwezi kuyabeba. Sheria ya kupambana na rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Anayedaiwa ngono ili afaulu anahitaji mlango salama wa kutoa ushahidi, si kisanduku cha kutia alama ya vema.

Wakuu wa vyuo watauliza: bila wastani, tutampandishaje mtu cheo? Kwa njia zinazotaka muda zaidi: wahadhiri wenzake waingie darasani mwake na kusoma maswali anayotunga, matokeo ya wanafunzi wake yafuatiliwe katika masomo yanayofuata, na wahitimu waulizwe tena baada ya miaka kadhaa wakiwa kazini. Haya si ndoto. Mwaka 2018 msuluhishi wa mgogoro wa Chuo Kikuu cha Ryerson, Toronto, aliamua kwamba tathmini za wanafunzi zisitumiwe kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo. Na mwaka 2023 Uingereza iliondoa katika uchunguzi wake, kwa vyuo vya England, swali la jumla la kuridhika, ikaendelea kuuliza juu ya mambo mahususi.

Kumuuliza mtu ni kumwekea ahadi kwamba atasikilizwa. Chuo kinachokusanya fomu kisha hakitangazi kimebadilisha nini kinamfundisha mwanafunzi kwamba neno lake halina uzito, na hilo ni somo baya kuliko mhadhara wowote mbovu. Kwa hiyo vyuo viulize machache, viulize aliyoyaona mwanafunzi kwa macho yake, na viyajibu hadharani kabla muhula unaofuata haujaanza. Nawe mwanafunzi, fomu ikikufikia, andika kilichotokea jinsi kilivyotokea. Hukumu ya elimu yako utaitoa wewe mwenyewe baadaye, ukiwa umeitumia.