Makopa Mezani kwa Profesa

Juu ya kitanda changu hosteli nilikuwa nimebandika karatasi nne za manila, na juu yake njia zote ambazo chakula hupitia ndani ya seli. Glukosi inaingia kona ya kushoto, inamegwa, inazungushwa, mwisho inatoka ikiwa hewa chafu, maji na nguvu. Wenzangu wa mwaka wa kwanza walikuwa wakija kuzitazama jioni, wengine wameshika chai. Nilipiga msuli mpaka saa nane usiku, na kabla ya test ya kwanza niliweza kutaja hatua 10 za glaikolisisi na 8 za mzunguko wa Krebs kwenda mbele na kurudi nyuma, kama mtoto wa madrasa aliyehitimisha juzuu. Nikapata A. Hiyo A ndiyo iliyoniponza.

Msuli wetu ulitegemea desa. Kwa asiyepitia vyuo vyetu, desa ni maandishi ya kaka na dada waliotangulia, yaliyonakiliwa kwa mkono, yakatolewa fotokopi, yakanakiliwa tena. Desa letu lilikuwa na kosa. Miaka kadhaa kabla yetu mtu fulani, nadhani usingizi ulikuwa umemzidi, alitanguliza fumarati mbele ya saksinati, na tangu hapo kila aliyenakili alinakili na kosa lake. Mhadhiri aliyesahihisha karatasi zetu alikuwa akicheka peke yake. Alijua nani kasoma desa la nani, kama vile wanasayansi wanavyoufuata ukoo wa kirusi kwa kutazama makosa ya nakala zake.

Na wiki hiyo hiyo tulikuwa tunafundishwa jinsi DNA inavyojinakili! Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hukosea kama mara moja katika kila herufi 100,000. Kikikosea hurudi nyuma, hung'oa herufi mbovu, huweka nyingine, na baada yake hupita wakaguzi wengine, hata kosa linalosalia huwa kama moja katika herufi bilioni. Sisi tulizikariri tarakimu hizo kutoka kwenye karatasi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikagua.

Mwisho wa muhula tulikuwa na vaiva, mtihani wa mdomo. Profesa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti. Alianza kwa Kiingereza, lugha ya masomo yetu yote ya sayansi tangu kidato cha kwanza. Akaniuliza joto linafanya nini kwa kimeng'enya. Nikatiririka: umbo lake hukunjuka, mdomo wake hupotea, kazi husimama na hairudi. Akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akavuta droo, akatoa kipande cheupe kikavu, akakiweka mezani katikati yetu.

"Hiki ni nini?" Sasa alikuwa anaongea Kiswahili.

"Makopa, Profesa."

"Kwenu wapi?"

"Mara, Profesa. Tarime."

"Basi mihogo unaijua. Umechimba mhogo mchungu asubuhi hii, mbichi kabisa, na una mgeni ana njaa. Utamwandaliaje asidhurike?"

"Nitaumenya, nitaukata, nitauchemsha vizuri."

"Kwa nini uchemshe?"

"Joto liharibu sumu."

"Sumu ipi?"

"Sianidi."

"Kwa hiyo sianidi imo humo ndani ya mhogo, imekaa tu?"

"Ndiyo, Profesa."

Akaandika kitu. Halafu akaniambia nimweleze sianidi inavyomuua mtu, nimweleze kama ninavyomweleza mama yangu mzazi. Nikaanza na maneno ya Kiingereza, jina la kimeng'enya, namba ya kituo kwenye mnyororo. Akainua kidole. "Nimesema kama unamweleza mama yako." Nikanyamaza. Feni ilikuwa inazunguka juu, na mimi nilikuwa ninayo majina yote, kitu chenyewe sina.

Nililala na supu, yaani mtihani wa marudio, katika somo hilo. Yale ambayo ningepaswa kumjibu yalinichukua likizo nzima kuyapata.

Mhogo mchungu ukiwa mzima hauna sianidi iliyokaa tu. Una linamarini, kiungo chenye sukari ambacho sianidi imefungiwa ndani yake, na mmea hukihifadhi kwenye mfuko ulio ndani ya seli, vakuoli. Kimeng'enya cha kuifungua, linamarasi, kiko nje kidogo, kwenye ukuta wa seli. Ni mafuta ya taa na kiberiti ndani ya nyumba moja, vyumba mbalimbali. Panya akitafuna, au mama akikuna au kutwanga, kuta zinavunjika, viwili vinakutana, sukari inakatwa, na sianidi inatoka. Huchemka na kuwa gesi kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo ukiipa hewa na muda inaondoka yenyewe. Ndiyo maana mihogo hulowekwa, huvundikwa mpaka iwe udaga, hukunwa na kukamuliwa. Kazi yote ile ni kuwakutanisha wawili hao nje, wamalizane kabla hawajafika tumboni.

Sasa chukua vipande vikubwa uvitumbukize kwenye maji yanayochemka. Linamarasi inaiva na kufa kama ute wa yai. Linamarini yenyewe haitishwi na maji ya moto, na sehemu kubwa inabaki palepale ndani ya kipande, anayetakiwa kuifungua keshakufa. Nilikuwa nimemwambia Profesa kwa mdomo wangu, dakika tano nyuma, kwamba joto huua kimeng'enya. Sikujisikia nikisema.

Na sianidi yenyewe inauaje? Ndani ya mitokondria elektroni zinazotoka kwenye chakula hupokezana kituo hadi kituo, na katika kituo cha mwisho hukabidhiwa oksijeni. Sianidi hung'ang'ania madini ya chuma ya kituo hicho cha mwisho. Pakifungwa pale, foleni inarudi nyuma mpaka mwanzo wa mnyororo, na utengenezaji wa nguvu unasimama. Seli inajaribu kujikimu kwa kumega sukari nusunusu, asidi ya laktiki inajaa. Oksijeni ipo tele, damu imeileta, ila hakuna wa kuipokea. Damu inarudi kwenye mishipa ya vena ikiwa bado nyekundu ya kung'aa. Ni kufa kiu umesimama ziwani, maji kiunoni.

Kilichonishangaza zaidi likizo ile ni kwamba Hans Krebs mwenyewe hakuupata mzunguko wake kwa kupanga majina. Mwaka 1937, akiwa Sheffield, alisaga misuli ya kifua cha njiwa, kwa kuwa misuli hiyo inapumua kwa nguvu sana, akaitilia malonati, kitu kinachofanana na saksinati na kuziba nafasi yake kwenye kimeng'enya. Akatazama nini kimejaa. Saksinati ikajaa, hata pale alipoanza na vitu ambavyo kwenye njia iliyonyooka vingekuwa mbele ya kizuizi. Vingewezaje kufika nyuma yake, kama si kwa kuzunguka? Alituma makala yake kwa jarida la Nature, wakamrudishia. Jarida jingine likaichapa, na mwaka 1953 akapewa Nobeli. Mzunguko nilioukariri kama kibwagizo ulizaliwa kwa mtu kuziba tundu na kuuliza sasa itakuwaje.

Basi nami nikaanza kusoma kwa kuziba. Karatasi za manila sikuzing'oa. Nilikuwa naweka kidole juu ya kimeng'enya kimoja, nafumba macho, najiuliza nini kitajaa nyuma yake, nini kitakauka mbele, na mgonjwa mwenye kidole hicho mwilini mwake atakuja kliniki akilalamika nini. Kurasa mbili kwa usiku, wakati zamani nilikuwa nafuta ishirini. Hata ugomvi wetu wa zamani chumbani ukaisha, ule wa glukosi moja inatoa ATP ngapi: desa lilisema 38, kitabu cha maktaba 36, kipya zaidi 30 hadi 32. Tuliwahi kupigiana kelele juu ya hilo kama mashabiki wa Simba na Yanga. Ukishaelewa kwamba nguvu hiyo inatokana na protoni zinazosukumwa upande mmoja wa utando, kwamba nyingine zinavuja na nyingine zinatumika kama nauli ya kusafirishia vitu, huwezi tena kugombana na mtu juu ya tarakimu moja kavu.

Lakini Profesa alikuwa ameniachia neno jingine mlangoni. "Ukifika kwenu, waulize wazee juu ya mwaka 1985."

Nikauliza. Mwaka huo, baada ya ukame, Tarime ilipatwa na konzo. Mtu analala mzima, au anatoka kulima mzima, ghafla miguu yote miwili inakakamaa. Anayeweza kutembea anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana, na ulemavu huo haurudi nyuma. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina lenyewe ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Huzuka pale watu wanapoishi kwa mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, bila kitoweo cha maana. Kitoweo kina sababu yake: mwili huidhoofisha sianidi kwa kuibandikia salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini, kama ya dagaa na maharage. Mhogo una protini kidogo mno.

Kilichonichoma ni habari ya Bandundu, kulekule Kongo. Huko wanawake walijua kuloweka kwa siku tatu. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipokuwa nzuri, mihogo ikawa biashara, malori yanasubiri, siku tatu zikapunguzwa zikawa moja. Mihogo ilionekana ileile, nyeupe ileile. Walikuwa wamerithi hatua bila kurithi sababu, na haraka ilipokuja hawakuwa na namna ya kujua ipi hairukwi. Mimi sina ubavu wa kuwacheka. Nilikuwa nimebandika hatua 18 ukutani na nisingeweza kukuambia ipi ikiondoka mtu anakufa.

Supu nilifaulu. Mwezi uliofuata nikaenda kwa shangazi, siku ya mawingu, nikamkuta ana unga wa makopa yaliyokaushwa tu, hayakuvundikwa. Nikamwomba tujaribu njia aliyoibuni mwanakemia wa Australia, Howard Bradbury, ambayo imesaidia kuzuia konzo vijijini Kongo. Tuliweka unga kwenye beseni, tukachora alama ya mkaa pale ulipofikia. Tukatia maji kidogo kidogo huku tukichanganya. Unga ukashuka, kisha ukapanda tena mpaka kwenye alama, hapo tukaacha. Tukautandaza juu ya mkeka kivulini, unene usiozidi sentimita moja. Ilikuwa saa sita mchana. Nikamwambia tusonge saa kumi na moja jioni.

"Saa tano nzima unga umelala tu?" Shangazi akautazama mkeka, akatazama sufuria iliyokwisha kupata moto. "Na tukichemsha tu sasa hivi, baba?"

Nikachuchumaa. Nikamwambia ndani ya unga huu kuna sumu iliyofungwa, na kuna kitu cha kuifungua ili itoke ipotee hewani. Kitu hicho kinataka majimaji na muda. Kikipata moto kinakufa.

Akafikiri kidogo. "Tunamuua mwenye ufunguo, mwizi bado yumo ndani."

"Ndivyo, shangazi."

Akaisogeza sufuria pembeni ya mafiga, akavuta ungo, akaanza kuchambua dagaa.