Kilwa Imebaki Zamu Nne

Dada yangu alinipigia simu Jumatano usiku, sauti imechoka. Mwanawe wa kidato cha tatu yuko likizo, na tangu shule zifungwe ni gemu asubuhi, gemu jioni, na bando la mama ndilo linaloumia. "Njoo uzungumze naye, wewe ndiye mjomba wake." Basi Jumamosi nikaenda. Hotuba niliipanga ndani ya daladala: muda haurudi, mtihani wa taifa unakaribia, macho yataharibika, sisi enzi zetu hivi na vile.

"Shikamoo mjomba," akasema, macho hayabanduki kwenye kioo.

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nasubiri Kilwa. Zimebaki zamu nne."

Hotuba ikanipotea hapo hapo.

Gemu yenyewe inaitwa Civilization, toleo la sita. Mchezaji anapewa taifa, anaanza na mji mmoja zama za kale, anakwenda nalo mpaka zama za roketi. Njiani anaweza kujenga maajabu ya dunia, na kila ajabu hujengwa mara moja tu katika mchezo mzima. Mwenzako akikuwahi, imekula kwako. Humo, pamoja na piramidi za Misri, wametia Kilwa Kisiwani. Mpwa wangu alikuwa Mjapani. Kilwa alikuwa anaijenga ufukweni, jirani na Kyoto, roho juu, kwa kuhofia Wajerumani wasije wakaimaliza kabla yake.

"Wajerumani tena?" nikamuuliza. Hakucheka. Nadhani Vita vya Majimaji kwake ni swali la mtihani tu.

Sitaficha, jambo lile liliniudhi. Kilwa ya kujengwa Kyoto! Kilwa si kibandiko cha kubandika popote. Kuna watu waliochonga matumbawe na kuchoma chokaa mpaka ikasimama Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliukuta mji wenye sultani na sifa zake. Ukiung'oa mahali pake, kinachobaki ni picha.

Nilikuwa bado nanung'unika pale kijana aliponiuliza swali ambalo tangu siku ile sijalitoa kichwani. "Mjomba, mbona gemu inakataa nisipoiweka kando ya bahari?"

Gemu ilikuwa imempa sharti bila sababu. Sababu ninayo mimi, mtu wa pwani niliyekulia kwenye kaskazi na kusi. Nikachovya kidole kwenye chai, nikachora pwani juu ya meza ya dada yangu. Hapa Arabuni, hapa India. Kaskazi inavuma, majahazi yanashuka. Kusi ikianza, yanarudi. Kilwa ndiyo karibu mwisho wa pale jahazi lilipoweza kufika na kugeuza ndani ya msimu mmoja. Huku chini kabisa ni Sofala, inakotokea dhahabu ya bara, nchi ya Zimbabwe. Mwenye kuifuata mwenyewe huko atakwama mwaka mzima akingoja upepo. Kwa hiyo anayekaa hapa katikati, akiishika na Sofala, anashika mzani. Kijana aliacha kompyuta. Akaitazama ile chai mpaka ikaanza kukauka.

Akanilipa palepale. Kumbe katika pitapita zake mtandaoni, kutoka gemu kwenda kwenye historia na kurudi, amesoma kwamba mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Tisa kwa jumla, na tano kati yake zilikuja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana hadi leo. Akanionyesha picha ya sarafu ya namna hiyo: shaba iliyolika, ndogo. Nikamwambia jambo ambalo mtandao ulikuwa haujamwambia, kwamba maandishi ya upande mmoja wa sarafu hizo yanapatana vina na ya upande wa pili. Vina, kwenye hela ya kununulia samaki! Hapo ndipo alipocheka.

Najua mzee mmoja wa barazani kwetu atasema: mwandishi naye amerogwa, kwa nini mtoto asisome kitabu? Mzee wangu, mimi nilikisoma. Niliambiwa nitaje sababu sita za kuanguka kwa miji ya pwani, nikazitaja zote, nikapewa alama zangu, na kufikia Krismasi nilikuwa nimebaki na mbili. Hakuna aliyenichorea upepo. Kwamba gemu ni biashara ya watu na inakula usingizi, hilo nakubali, na bando la dada yangu nimelilipia mimi. Lakini mtoto huyu alikuwa na swali. Aliyekosekana chumbani ni mtu mzima wa kulijibu, na alikosekana kwa sababu watu wazima tuko sebuleni tunalaumu gemu.

Isitoshe, wageni hawa hawakuanza jana kutuchota. Toleo la nne, la mwaka 2005, lilifunguka kwa "Baba Yetu", ile sala tunayoijua, kwa Kiswahili, muziki wake umetungwa na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata. Mpwa wangu ndiye aliyenipa habari hiyo. Mimi niliudhani wimbo wa kwaya fulani ya hapa nyumbani.

Nilipokuwa naaga, akanivizia mlangoni.

"Mjomba, ukienda Mtwara si unapita karibu na Kilwa?"

Napita. Basi linasimama Nangurukuru, nanunua korosho dirishani, naiangalia ile njia inayoingia Kilwa Masoko, kisha dereva anapiga honi. Miaka ishirini sasa.

"Umeshashuka mara ngapi?"

Nikamwambia arudi kwenye kompyuta yake, akaangalie Wajerumani wamefikia wapi.