Aliyekosea na Aliyedanganya

Je, mtu aliyekosea hesabu na mtu aliyeipotosha kwa makusudi wastahili adhabu moja?

Katika nchi ya Marekani mfanyabiashara hutozwa kodi juu ya faida yake, wala si juu ya fedha zote zilizopita mkononi mwake. Kwanza huondoa gharama za kazi: bidhaa, mishahara, mafuta ya motokaa. Lakini wako waondoao hata karamu ya arusi ya binti yao, wakiiita gharama ya biashara! Mkaguzi akiikataa, mtu hulipa kodi iliyopungua pamoja na riba. Kama alizembea, huongezewa faini, dola 20 juu ya kila dola 100 zilizopungua. Ikithibitika kwamba alidanganya kwa kusudi, dola 75. Naye aliyekosea kwa nia njema, mwenye sababu ya haki, aweza kusamehewa faini. Kodi yenyewe hasamehewi.

Fedha iliyopungua yaweza kuwa ileile kwa wote watatu. Basi sheria yapima nini, kama si moyo? Lakini moyo hauonekani, zaonekana stakabadhi. Mwaka 1930 mwigizaji George M. Cohan, aliyetumia fedha nyingi safarini na kwa kukirimu watu pasipo kuandika, alikubaliwa na mahakama ya rufani kwamba gharama zake zikadiriwe. Mwaka 1962 Bunge likaondoa huruma hiyo kwa safari na karamu. Tangu hapo mwaminifu asiyeandika hukataliwa, na mwongo mwenye karatasi safi huenda akapita.